Kreti Zilizofika Stoo

Jumatatu, 2 Desemba

Ninaandika mimi, Eyotaru, mama wa Andama. Shule niliishia darasa la tatu, baba akasema inatosha. Kiswahili nilikipata kambini, maana marehemu mume wangu alikuwa askari, na ndicho ninachoweza kukiandika. Kilugbara nakisema tu. Anayetaka kucheka mwandiko wangu aanze kwanza na wake.

Ninaandika kwa sababu hapa Koboko sina wa kuzungumza naye. Nyumba yangu ya Awindiri, kule Arua, nilikubali iuzwe mwezi wa tisa, ikageuka mashine ya kujaza soda. Andama alinishika mkono akanionyesha ile mashine, akasema, "Mama, hii ndiyo nyumba yako sasa." Nyumba gani haina hata mlango? Mimi nimepewa chumba nyuma ya stoo. Majirani zangu ni kreti.

Jumanne, 3 Desemba

Leo fundi Simon amewasha mashine. Ina bamba la chuma ubavuni limeandikwa chupa elfu tatu kwa saa. Andama akachukua chaki, akaandika ukutani mbele ya wafanyakazi wote. Chupa ishirini na nne ni kreti moja. Kwa saa moja kreti mia moja ishirini na tano. Kwa saa nane, kreti elfu moja. Ile elfu moja akaizungushia duara.

Wakajaribu kwa maji. Chupa zilikwenda kwenye mkanda kama watoto wa shule, moja nyuma ya moja, zikajazwa, zikafunikwa. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nimepika kwete miaka thelathini, pombe ya mahindi, nimelisha watoto kwa pombe hiyo, najua kimiminika chenye roho na kimiminika kisicho na roho.

Nikamuuliza Simon, "Mbona mnajaribu kwa maji?"

"Dede, maji na soda yote iko kitu moja. Mashine haijui."

Dede ni bibi kwa kwetu, wote hapa wananiita hivyo. Nikamwambia, "Basi siku ya harusi yako tutakunywesha maji, mashine haijui." Wakacheka. Andama hakucheka.

Jumatatu, 9 Desemba

Amekuja mtu anayeitwa Raphaël, mfanyabiashara wa Ingbokolo, upande wa Kongo. Mnene, shati lake linang'aa, anajipepea na kofia. Anataka soda yetu kwa maduka yote ya upande wake. Atatoa lori mbili na chupa tupu. Tarehe kumi na tano mwezi wa pili watatia sahihi: kila wiki kreti kadhaa, na wiki tatu zikipita bila kufikisha hizo kreti, mashine inavuka mpaka na kuwa yake.

"Maman," aliniambia, "mutoto yako iko na akili. Anasema elfu sita kwa wiki."

"Nani amezihesabu?"

"Yeye njo amezihesabu."

"Amezihesabu ukutani," nikasema. Andama akanitazama kama nimemwaga chakula.

Sasa najua ninachokilinda. Kama Andama atatia sahihi kwa namba ya chaki, mashine itakwenda Kongo, na nyumba yangu ya Awindiri itakwenda humo humo ndani yake.

Jumatano, 11 Desemba

Leo soda ya kweli, ya tangawizi. Saa mbili asubuhi mpaka saa nne ilikwenda vizuri. Kisha jua la Koboko likapanda juu ya mabati. Soda yenye gesi inataka baridi. Ikipata joto, gesi inakimbia, povu linapanda, chupa inafika kwenye kizibo ikiwa nusu. Kwete nayo ndivyo, ukiimimina haraka mchana, nusu inanywewa na udongo. Nilitandika mkeka mlangoni mwa stoo, nikachukua mkaa, na kila kreti iliyopita nikapiga mstari kwenye mlango.

Kreti mia mbili na kumi na mbili.

Alhamisi, 12 Desemba

Mia mbili arobaini. Umeme ulikatika mara mbili.

Ijumaa, 13 Desemba

Mia moja themanini. Wengi wa wafanyakazi ni Waislamu, walikwenda kuswali mchana. Ukutani Ijumaa ina saa nane kama siku nyingine.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Andama na mke wake wamekwenda Arua kwa wazazi wa mke. Alisema, "Mama, gari imejaa." Nilipika kuku nusu. Nusu nyingine sikujua nimpikie nani.

Dada yangu Emilia alipiga simu kutoka Omugo. Yeye ndiye mdogo wangu, tumebaki sisi wawili tu. Akauliza, "Bado unakaa na chupa?" Nikasema zimewazidi adabu watoto wako, hazijibu. Tukacheka mpaka salio lake likaisha. Nikaweka simu chini, nikasikia stoo ilivyo kimya.

Jumatano, 8 Januari

Simon ameongeza mtambo wa kupoza. Povu limepungua. Nilimwambia ahsante. Akasema, "Dede, ulijua." Nikamwambia ninajua mengine pia lakini haniulizi.

Kwa mfano chupa. Raphaël anatuletea chupa tupu alizokusanya Kongo na Sudan, kila kampuni na chupa yake. Kwa macho zinafanana. Ukiziweka sakafuni pamoja, nyingine ni fupi kwa unene wa ukucha. Ile fupi ikifika mahali pa kufunikwa, mkono wa mashine unashuka hewani, kizibo kinaanguka, chupa ya nyuma inaigonga, mkanda unasimama. Leo mara kumi na moja. Rashida, msichana anayekaa kwenye vizibo, vidole vyake vimefungwa vitambaa vitatu.

"Dede, mimi nasema kwa bosi chupa iko mbaya. Anasema anataka haraka."

"Haraka haipatikani kwenye chupa fupi," nikamwambia. Nikachukua ubao wenye urefu sawa na chupa ndefu, nikaanza kuzichambua mimi mwenyewe, ndefu huku, fupi kule. Mgongo unauma lakini nimezoea kuwa na mgongo.

Alhamisi, 9 Januari

Mia tatu themanini.

Ijumaa, 17 Januari

Mia tatu hamsini na tano. Walibadilisha tangawizi kuwa pashen, lile tunda la karakara, saa nzima ya kuosha mabomba. Hiyo saa nayo haiko ukutani.

Jumatatu, 20 Januari

Andama alikuja stoo akiwa na furaha. Juu ya mashine kuna kisaa kidogo kinachohesabu chupa. Kimemwambia leo ni kreti mia saba.

"Unaona, Mama? Mia saba! Mwezi ujao elfu."

"Njoo usome mlango."

Akasoma. Mia nne na kumi na tano.

"Mlango wako una makosa."

"Mlango wangu uko mwisho wa njia. Kile kisaa chako kiko mwanzo. Kinahesabu chupa iliyopasuka, kinahesabu chupa ya nusu, kinahesabu ile aliyoirudisha Rashida ikapita tena mara ya pili. Raphaël atakunywa kisaa?"

"Mama, wewe hujui mambo ya viwanda."

Aliposema hivyo nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu mwingine. Alikuwa mtoto aliyenishikilia kanga sokoni, hajui kuhesabu vidole vyake. Sasa ana kitambi na ufunguo wa gari, na anaogopa. Nilidhani ni kiburi. Ni woga. Mtu mwenye kiburi angebishana zaidi.

Jumanne, 28 Januari

Mia nne thelathini. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Jumatano, 5 Februari

Emilia amekufa.

Jana asubuhi alikuwa anapepeta ufuta, akasema kichwa kinauma, akakaa, basi. Mtoto wa jirani yake ndiye aliyenipigia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Kelele zilikuwa nyingi, nikamvuta Andama shati.

"Emilia amekwenda," nikasema.

Akazima redio, si mashine. Akashika kichwa. "Mama, pole. Pole sana, Mama."

"Zima hii. Twende."

Kwa kwetu hivi hakuna hata swali. Mtu akifa, jembe linawekwa chini, duka linafungwa, hata aliyegombana na marehemu anakuja kukaa. Na huyu alikuwa mama yake mdogo, alimnyonyesha nilipokuwa mgonjwa.

Akasema, "Raphaël anakuja wiki hii kutazama kazi. Nikisimamisha sasa nitamwonyesha nini? Wewe tangulia na boda mpaka stendi, mimi nitakuja kuzika."

Nilimtazama. Rashida alikuwa ameacha vizibo, amejifunga leso tayari kunisindikiza. Andama akamwambia arudi kwenye kiti chake. Akarudi, analia huku anafunika chupa.

Nikaondoka peke yangu. Ninaandika hapa Omugo, kwenye kitanda cha Emilia.

Ijumaa, 7 Februari

Tumemzika jana mchana. Watu walijaa uwanja wote. Wamekuja mpaka wakimbizi wa kambini, Wasudani, mwanamke mmoja anaitwa Poni ameleta maji vichwani na binti zake tangu alfajiri, kwa sababu Emilia alimpa kipande cha shamba alime. Poni ambaye hana kitu alisimamisha siku yake.

Kila mtu aliniuliza, "Andama iko wapi?"

Nikasema yuko njiani. Baadaye nikasema gari imeharibika. Mimi, ninayegombeza watu kwa uongo, nilidanganya mbele ya jeneza la dada yangu. Mwisho shemeji yangu mzee Anguzu akaniuliza taratibu, "Ni kazi gani hiyo haiwezi kusimama?"

Nikasema, "Ni mashine."

"Mashine haina kidude cha kuzimia?"

Kidude inacho. Ni chekundu, kikubwa kama kiganja. Nakiona kila siku.

Mume wangu amezikwa hapo hapo Omugo, na kando yake pana nafasi yangu. Nilikwenda kuitazama. Majani yameota. Nikawaza, siku hiyo watajibu nini wakiulizwa, na nani atakayedanganya kwa niaba yangu, sasa Emilia hayupo?

Jumamosi, 8 Februari

Nimerudi Koboko. Rashida alinipigia mistari mlangoni siku nilizokuwa mbali. Alhamisi, siku ya kumzika Emilia: kreti mia nne sitini na nane. Siku bora kuliko zote tangu tuanze. Jua lilikuwa na mawingu, umeme haukukatika, chupa zote nilikuwa nimezichambua mimi.

Na bado si elfu moja. Hata nusu yake haikufika.

Jumatatu, 10 Februari

Mia nne na ishirini. Sijasema na Andama.

Jumanne, 11 Februari

Mia nne na tano. Sijasema naye.

Jumatano, 12 Februari

Aliweka sukari mlangoni pangu. Nimempa Rashida.

Jumamosi, 15 Februari

Leo ndiyo siku ya sahihi. Walikaa ofisini, Andama, Raphaël, na karatasi. Sikuitwa. Niliingia.

Raphaël akainuka. "Maman, pole ya dada yako. Minasikia huzuni."

Yeye wa Kongo alisema pole akiwa amesimama. Nikamwambia, "Ahsante. Wewe unataka kreti au unataka mashine?"

"Maman, namna gani?"

"Ninakuuliza. Kama unataka mashine, tia sahihi ya elfu sita, subiri wiki tatu, lete lori uibebe. Kama unataka kreti, njoo usome mlango wangu."

Andama akasema, "Mama, toka nje."

Raphaël akanifuata. Alisimama mbele ya mlango wa stoo akapitisha kidole kwenye mistari, wiki kwa wiki. Nikamwonyesha Ijumaa. Nikamwonyesha siku za umeme, siku za kuosha mabomba, siku za chupa fupi ambazo ni zake mwenyewe. Nikamwambia siku ya kawaida ni mia nne na ishirini, Ijumaa mia tatu na sitini, kwa wiki sema elfu mbili na mia nne na usiseme moja zaidi.

"Maman, kwa hiyo lori yangu moja italala bure."

"Basi leta lori moja."

"Na mutu mwingine akiniambia elfu tano?"

"Muulize anahesabia wapi, kwenye mashine au stoo."

Alicheka, lakini hakutia sahihi. Alikunja karatasi, akasema atafikiri, akaondoka. Andama alisimama uani mpaka vumbi la gari likatulia.

"Umenivua nguo mbele ya mtu," akasema. "Umeniua, Mama."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa, na lilikuwa na jina la Emilia ndani yake. Nikalimeza. Likaniumiza mimi.

Jumatano, 19 Februari

Wafanyakazi wanaogopa kupoteza kazi. Nikipita wananyamaza. Hata Rashida anasalimia akiangalia chini.

Ijumaa, 21 Februari

Mia tatu hamsini.

Alhamisi, 27 Februari

Nimekula peke yangu siku kumi na mbili. Nimeshika simu nikatafuta namba ya Emilia, nikakumbuka, nikaiweka.

Jumamosi, 1 Machi

Mfungo umeanza. Kwa heshima ya Rashida na wenzake sinywi chai mbele yao. Saa tisa mikono yao imechoka, mashine inakimbia wao hawakimbii. Mia tatu na arobaini.

Jumatatu, 3 Machi

Nilipotoka asubuhi na mkeka wangu, nilimkuta Andama amekaa mlangoni mwa stoo, juu ya kreti iliyopinduliwa. Ana kipande cha mkaa.

"Leo nahesabu mimi," akasema. Hakunitazama.

"Hesabu."

Nikarudi chumbani. Sikuwa na kazi. Nilikaa nikasikiliza kreti zinavyopita, na mkaa unavyokwaruza.

Jumamosi, 8 Machi

Siku sita amekaa pale. Jua la saa nane linapiga mlango ule moja kwa moja, ninajua. Hakuna aliyemletea maji. Mimi nilimwekea jagi siku ya tatu, alikunywa. Leo jioni alijumlisha. Elfu mbili na tisini.

"Ni mfungo," akasema.

"Ni mfungo," nikasema. "Na mwakani mfungo utarudi."

Alikwenda ndani. Nikasikia anafuta ukuta na kitambaa chenye maji. Alifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kufuta namba moja.

Alhamisi, 13 Machi

Raphaël amepiga simu. Andama alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba elfu sita haikuwa kweli. Nilisikia kutoka stoo. Kisha Andama akasema, "Ndiyo, lori moja. Mimi nitaandika karatasi upya, wewe utatia sahihi kwa namba nitakayoandika. Ndiyo. Mashine inabaki."

Hakuja kuniambia. Nilikuwa nimeshasikia, lakini angekuja.

Jumanne, 18 Machi

Mia tatu tisini. Mawingu, hakuna mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, kubwa, juu ya mabati huwezi kusikia mtu. Umeme ukaondoka, mashine ikasimama, Rashida na wenzake wakakaa wanatazama maji. Andama akaja stoo na karatasi chini ya shati isilowe. Kesho ndiyo sahihi, huko Ingbokolo.

"Mama, nisomee uone kama nimekosea."

Ana digrii, mimi nina darasa la tatu. Nikavaa miwani.

Ilikuwa safi. Siku za mwezi juu. Halafu anapunguza. Ijumaa, saa mbili. Kuosha mabomba, saa moja kila kubadilisha. Umeme, aliweka kwa hesabu ya mlango wangu. Chupa fupi. Joto la Januari mpaka Machi. Mfungo. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, aliandika: Matanga, siku mbili kila mwezi, mashine inazimwa. Na mwisho wa karatasi, kreti elfu mbili na mia mbili kwa wiki.

Mlango wangu haukuwa na mstari huo. Mimi mwenyewe nilimwambia Raphaël elfu mbili na mia nne, na nilikuwa nimetoka makaburini wiki iliyotangulia.

Nikaweka kidole hapo. "Hizi ni za nani?"

"Sijui, Mama. Wa mfanyakazi yeyote. Jirani yeyote. Kila mwezi atakuwepo mtu." Akapangusa tone la mvua kwenye karatasi. "Ningeiandika Desemba..."

Hakumaliza. Sikumsaidia kumaliza. Sijamsamehe, na nitakapomsamehe nitamwambia, hatakuwa na haja ya kubahatisha. Lakini alikaa. Alikaa kwenye mkeka wangu, na suruali ile ya ofisini, tukatazama karatasi pamoja.

Nikaisoma tena taratibu. Katika siku hizo zisizo na jina, moja ni yangu. Siku hiyo kidude chekundu kitabonyezwa. Rashida atajifunga leso na hakuna atakayemrudisha kwenye kiti. Wote watapanda gari waje Omugo, na Raphaël hatakuwa na la kusema, kwa sababu mimi nitakuwa nimo kwenye karatasi aliyoitia sahihi.

"Siku mbili ni chache," nikasema.

"Mama?"

"Kwenda, kuzika, kurudi. Na barabara ya Omugo ikiwa na mvua kama hii? Weka tatu."

Alielewa ninasema habari ya nani. Akatoa kalamu, akakata ile mbili, akaandika tatu. Akahesabu tena, midomo inatembea kama alipokuwa mdogo. Kisha akafuta elfu mbili na mia mbili, akaandika elfu mbili na mia moja.